Hakuna Aliyemuuliza Shaw

Mdogo wangu akitaka kuanzisha ubishi hasemi neno. Anachukua rimoti, anasimamisha filamu, halafu anakaa ananitazama mpaka nimuulize kulikoni. Mwezi uliopita alikuwa likizo, katoka mgodini upande wa Geita kuja kupumzika kwangu Mwanza, na usiku wa tatu tukaiweka tena Prometheus ya Ridley Scott. Tangu itoke mwaka 2012 tumeitazama mara nyingi mno, na hatujawahi kuifikisha mwisho bila kuisimamisha. Safari hii aliisimamisha pale pale anapoisimamisha siku zote: jamaa wawili wamepotea ndani ya pango.

"Dada," akasema, "huyu si ndiye aliyechora ramani?"

Nikajua leo hatulali mapema.

Naandika haya kwa sababu ubishi wetu wa safari hii ulifika mahali ambapo haukuwahi kufika, na nimeubeba kichwani hadi kazini. Ambaye hajaitazama filamu na anapenda kuikuta mbichi aishie hapa, maana nitayataja yote, hata nani anakufa.

Inabidi nianzie mbali kidogo. Miaka ya mwisho ya 1990, mtaani kwetu kulikuwa na banda la video lenye mabenchi manne na televisheni moja iliyofungiwa ndani ya kisanduku cha mbao chenye kufuli. Mwenye banda alikuwa anatafsiri mwenyewe papo hapo, kipaza sauti mkononi, kuanzia majina ya mwanzo mpaka ya mwisho. Hapo ndipo tulipoiona Alien, ile ya 1979, mimi nikiwa darasa la sita na yeye la pili. Kuna sehemu wafanyakazi watatu wa chombo cha mizigo, Nostromo, wanaingia ndani ya chombo kigeni kilichoanguka. Wanakuta jitu limekaa kwenye kiti kikubwa, limekufa zamani, limegeuka jiwe, na mbavu zake zimepasuka kutoka ndani kuja nje. Mwenye banda, aliyekuwa hanyamazi hata kidogo, alinyamaza. Kisha akasema taratibu: "Huyu mzee alikuwa nahodha. Kafa na siri yake."

Kuanzia siku hiyo nyumbani kwetu jitu lile linaitwa Mzee wa Kiti.

Ukubwani nilikuja kujua kwamba Scott aliwavalisha wanawe suti ndogo za anga akawapiga picha wakiwa mbele ya kile kiti badala ya waigizaji wazima, ili Mzee aonekane mkubwa kupita kiasi. Alibuniwa na msanii wa Uswisi, H. R. Giger, ambaye ndiye pia aliyembuni yule mnyama mweusi mwenye kichwa kirefu. Filamu yenyewe haikueleza Mzee ni nani, katoka wapi, wala alikuwa anapeleka wapi yale mayai ya mnyama huyo yaliyojaa chomboni mwake. Ilipita tu ikaendelea na mambo yake. Kwa hiyo iliposikika kwamba Scott, miaka 33 baadaye, anarudi kusimulia yaliyotangulia, kwetu lilikuwa jambo la ukoo. Tungeambiwa habari za Mzee wetu.

Hadithi ni hivi. Mwaka 2089 wanaakiolojia wawili, Elizabeth Shaw, aliyeigizwa na Noomi Rapace, na mwenzi wake Charlie Holloway, wanakuta mchoro ndani ya pango kwenye kisiwa cha Skye, Uskoti. Kuna jitu linaonyesha kidole kwenye kundi la nyota. Michoro kama huo wameshaiona kwa watu wa kale wa nchi mbalimbali, na wanaamini ni mwaliko wa waliotuumba. Tajiri mzee, Peter Weyland, anagharamia safari. Mwaka 2093 chombo chenye watu 17 kinatua kwenye mwezi uitwao LV-223. Huko wanakuta jengo kama kichuguu kikubwa, maiti za majitu, na mitungi iliyojaa kimiminika cheusi kinachoharibu kila kinachokigusa. Yumo pia David, roboti mwenye sura ya mtu, kaigizwa na Michael Fassbender, na yeye ndiye anayeichokonoa mitungi.

Mimi na mdogo wangu tuna sheria. Tundu ni pale msimuliaji anaposahau alichotuambia yeye mwenyewe, au pale anapotutaka tuamini kitu ambacho hata watu wa hadithi yake wasingekiamini. Mtu kufanya ujinga si tundu; watu wanafanya ujinga kila siku. Swali lisilojibiwa nalo si tundu. Sheria hii imetuokoa na kelele nyingi, kwa sababu lawama nyingi ambazo filamu hii imebebeshwa zinaanguka zenyewe ukiipitisha.

Mathalani lile la Mzee wa Kiti. Watu wengi hulalamika kwamba jitu la Prometheus linainuka kutoka kwenye kiti chake, linakimbia, na linakwenda kufia ndani ya boti ya uokoaji likiwa limebanwa na kiumbe kama pweza. Je, huyu aliyekutwa kitini mwaka 1979 karudi kukaa lini? Jibu limo humo humo. Hawa wako LV-223. Nostromo ilitua LV-426. Ni mwezi mwingine, chombo kingine, mzee mwingine. Nililia siku nilipoelewa hilo, na sioni haya kulisema. Miaka yote tulisubiri habari za Mzee wetu, kumbe tumeletewa za binamu yake.

Ukifuatilia utengenezaji unaona jambo hilo lilikatiwa wapi. Muswada wa kwanza wa Jon Spaihts ulikuwa unatupeleka LV-426 moja kwa moja, kwa Mzee. Baadaye Damon Lindelof akaletwa kuandika upya, na hadithi ikahamishwa mwezi. Maswali mengi ya filamu hii ni kovu la hapo. Ngozi imeunganishwa vizuri, ila chini yake unahisi kinundu.

Mdogo wangu hakubaliani nami kwamba hapo hakuna tundu. Yeye analileta kwa mlango wa nyuma, kupitia Alien: Covenant ya 2017. Humo tuko mwaka 2104, na David ndiye anayefuga na kuchanganya viumbe mpaka anapata mayai yale tunayoyajua. Alien inatokea mwaka 2122. "Sasa dada," anasema, "miaka 18 inatosha mtu kufa, kukauka, na kuwa jiwe?" Haitoshi. Mzee wetu alipokutwa, nahodha wa Nostromo alitamka wazi kwamba amekufa muda mrefu na kwamba amekuwa kisukuku. Mimi namjibu kwa mchoro ulio ukutani ndani ya Prometheus, kwenye ule ukumbi wa mitungi: kuna umbo limechongwa linalofanana sana na mnyama wetu, na lilichongwa kabla David hajaundwa. Basi wanyama walikuwepo, na David alikuwa anarudia kazi ya wenye nyumba. Yeye anasema mchongo si ushahidi. Hapo tumekwama tangu 2017.

Basi turudi kwa waliopotea pangoni, maana hapa ndipo damu ya mdogo wangu inapochemka.

Yeye ni mjiolojia. Fifield, yule mwenye nywele zilizonyolewa pande zote mbili, ni mjiolojia. Ndiye aliyekuja na vile vitufe vinavyoruka, anavyoviita watoto wake, akavirusha vikapita kwenye mahandaki vikipima kila ukuta kwa mwanga mwekundu. Ramani yote ikawa inajichora hewani, juu ya meza kule chomboni, na kila mtu aliye ndani akaonekana kama nukta. Baada ya dakika chache wanakuta maiti ya jitu. Fifield anaogopa, anasema yeye anapenda mawe, anageuka kurudi na mwanabiolojia Millburn. Wenzao wanaondoka baadaye, tena wakikimbizwa na tufani, wanafika chomboni. Hawa wawili waliotangulia hawajafika. Wamepotea.

Mdogo wangu alisimama katikati ya sebule akanionyesha. Mgodini kwao, kabla hujashuka unatundika kibao chenye namba yako kwenye ubao ulio mlangoni. Ukitoka unakitoa. Shifti ikiisha na kibao kimoja kikabaki, hakuna anayepanda gari kwenda nyumbani. Hakuna mlipuko utakaopigwa, wala msimamizi atakayevua buti. Akasimulia jinsi siku moja kibao cha fundi mmoja kilibaki, watu wakasimama karibu saa nzima kwenye vumbi, kumbe mwenzao alishatoka akapitiwa kukitoa. Hakuna aliyemtukana. Walimshika bega tu.

"Mimi namwelewa mtu kupotea," alisema. "Hata ukiwa na ramani unaweza kupotea, taa ikizima, ukishtuka. Lakini yule nahodha Janek anawaona! Wako pale mezani kwake, nukta mbili. Anaongea nao kwa redio. Si aseme tu, geukeni kushoto?"

Na kweli. Janek, kaigizwa na Idris Elba, anazungumza nao usiku, anawatajia kwamba kifaa kimoja kimenasa dalili ya kitu hai upande fulani, anawaambia walale salama, halafu anaondoka kwenye kiti chake kumfuata Vickers, mwanamke anayesimamia safari, chumbani kwake. Chumba cha kuongozea kinabaki kitupu huku watu wawili wako nje na kitu kinatembea gizani. Hapo sheria yetu imevunjwa yote kwa mara moja. Filamu imetuonyesha ramani na nukta na redio, kisha ikatutaka tusahau. Hilo ni tundu, na halizibiki.

Millburn ana nafuu. Wanamcheka dunia nzima kwa sababu yeye, mwanabiolojia, alikimbia maiti iliyokufa miaka 2,000, kisha akaenda kumbembeleza nyoka mweupe aliyejitanua kama fira. Lakini kuna kipande kilichokatwa, kinapatikana kwenye diski za filamu, ambamo Millburn anapata kiumbe kidogo kama mnyoo mapema, mchana, na anafurahi kama mtoto kwa kuwa ndiye mtu wa kwanza kushika kitu hai kisicho cha duniani. Kwa kipande hicho unamwelewa. Ameshalewa furaha, na huyo wa pili anamwona ni zawadi juu ya zawadi. Walipokikata walimwacha uchi, akaonekana mjinga. Namwonea huruma sana Millburn.

Mengine niyapitie haraka. Vickers anasema wako maili nusu bilioni kutoka kwa wanaume wa dunia. Hizo ni kama kilomita milioni 800, umbali wa kwenda Jupita, wakati maandishi ya mwanzo yameshatuambia kilomita 3.27 mara kumi kwa kipeo cha 14, yaani karibu miaka 35 ya mwanga. Kuteleza kwa ulimi, nasamehe. Holloway anavua kofia ya suti kwa kuwa hewa ya ndani ni safi: ujinga, si tundu, na wenzake wanamwambia hivyo hivyo. Shaw na Vickers kukimbia kwa kufuata njia ile ile inayobingirikia chombo badala ya kuchepuka pembeni: mtu aliyeshikwa na hofu hana pembeni. Nimeona watu wakikimbia moto wakipita mlango uliokuwa wazi.

Lile la michoro linanigusa zaidi. Holloway akitoa maelezo kwa wenzake anaitaja: ya Wamisri, ya Wamaya, ya Wasumeri, ya Wababeli, ya Hawaii, ya Mesopotamia, na huu wa Skye wenye miaka 35,000. Huo wa mwisho una shida yake, maana baada ya hapo barafu nene ilifunika Uskoti, na dalili kongwe za watu zilizopatikana huko hazifiki hata nusu ya umri huo. Lakini sikiliza hili. Safarini David anajifunza lugha ya kuzungumza na majitu. Anafundishwa na picha ya mwalimu, na anachokariri ni ngano ya kondoo na farasi iliyotungwa na Mjerumani August Schleicher mwaka 1868, kwa lugha mama ya lugha za Kihindi na Kizungu jinsi wataalamu walivyoiunda upya kwa kulinganisha watoto wake.

Sisi tunaoongea lugha za Kibantu tunaijua kazi hiyo bila kwenda chuo. Kiswahili mtu, Kisukuma munhu, Kiganda omuntu, Kikikuyu mũndũ, Kizulu umuntu. Unaona kabisa kwamba kuna neno moja la kale lililozaa yote. Ila huwezi kulinganisha Kisukuma na Kiganda ukapata Kichina cha kale. Sasa wale waliochora mialiko: Wamaya si wa familia hiyo ya Schleicher. Wasumeri si wa hiyo. Wamisri na Wababeli si wa hiyo. Wahawaii si wa hiyo. Kati ya wote waliotajwa, hakuna hata mmoja ambaye lugha yake inatoka kwenye mzizi ule, na wa Skye lugha yao haijulikani. David alisoma lugha ya wasioalikwa. Mdogo wangu alinyamaza niliposema hivyo. Akasema hajawahi kusikia mtu akilitaja, na kwamba hiyo pointi ananipa.

Nilipofanya kazi Kondoa nilipanda kuona michoro ya Kolo, iliyoingizwa kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2006. Kuna watu wekundu, wembamba, warefu, vichwa vyao vya ajabu, wamesimama juu ya jiwe kama wanaelea. Kijana mmoja tuliyekuwa naye akasema hawa si watu, ni wa sayari nyingine. Mwongoza wageni, mzee wa pale, alichukizwa. Akamwonyesha nywele, akamwonyesha mikono ilivyokunjwa. "Hawa ni wazee wetu," akasema, "walijua kuchora." Kila Holloway anapowasha ile picha yake namkumbuka yule mzee. Ndani ya filamu Shaw anatangaza kwamba DNA ya majitu ni sawasawa na yetu, na mimi huwauliza hewani: nyayo za Laetoli, za miaka milioni 3.6, za nani? Sokwe wa Gombe, wanaokaribiana nasi kwa vinasaba kiasi kile, wametoka mfuko gani? Angalau Millburn aliuliza. Alimwambia Shaw anatupa karne tatu za Darwin, ana ushahidi gani? Shaw akajibu kwamba hivyo ndivyo alivyochagua kuamini. Waandishi waliliona tundu wakalitaja kwa sauti, na mimi nawaheshimu kwa hilo.

Sasa nifike kwenye langu.

Mimi ni muuguzi, na sehemu kubwa ya kazi yangu ni kina mama waliojifungua kwa upasuaji. Shaw, ambaye hana uwezo wa kuzaa, analala na Holloway. Holloway ameshanyweshwa na David tone la kile kimiminika. Baada ya saa kumi David anamwambia ana mimba ya miezi mitatu na kilichomo si cha kawaida. Wanataka kumlaza usingizi wa safari arudishwe nacho. Shaw anawapiga waliokuja kumchukua, anakimbilia kwenye kibanda cha upasuaji cha Vickers, mashine inayopasua yenyewe. Anaomba upasuaji wa kujifungua. Mashine inajibu kwamba imepangwa kwa wagonjwa wanaume tu.

Wengi huita hilo tundu: iweje mashine ya Vickers, mwanamke, iwe ya wanaume? Hapana. Hapo filamu inatuambia kwa siri kwamba mashine si ya Vickers. Ni ya baba yake, Weyland, ambaye amefichwa ndani ya chombo na anangoja kuamshwa. Nadhani ndiyo kazi safi kuliko zote ndani ya filamu ile.

Shaw anabadilisha maneno, anaomba kuondolewa kitu kigeni tumboni. Anajidunga dawa za maumivu. Mwanga unamkata, mkono wa chuma unaingia, unatoka na kiumbe kama pweza kinachotapatapa, kisha pini za chuma zinabana ngozi: tak, tak, tak. Anateleza kutoka chini ya kile kiumbe, anatoka nje, anakimbia.

Kila mara mikono yangu inataka kuingia kwenye kioo. Tumbo halina tabaka moja. Kuna ngozi, mafuta, utando mgumu unaoshikilia tumbo lote, misuli, utando laini wa ndani, halafu mfuko wa uzazi wenyewe, na daktari anashona kurudi nyuma akianzia kwenye mfuko. Yale mapini yameshika ngozi peke yake. Ndani kote kumeachwa wazi. Mama akipata kikohozi siku ya kwanza anashika mto tumboni kwa mikono miwili. Namjua mama anavyoinuka mara ya kwanza: unatoa mpira wa mkojo, unamgeuza ubavu, anashusha miguu, anakaa kwanza kizunguzungu kipite. Anashika chuma cha kitanda. Mimi niko mbele yake, mama mkwe yuko nyuma na kanga ya kumfunga tumbo. Hatua ya kwanza huwa ndogo kama ya mtoto, na jasho linamtoka usoni. Shaw baada ya hapo anavaa suti, anatembea mpaka kwenye jengo, anakimbia, anaruka ufa, anaangukiwa na chombo.

Lakini hata hilo ningeweza kulimeza. Ni mwaka 2093, dawa zitakuwa zimeendelea, na yeye mwenyewe anaonekana akijidunga tena na tena. Tundu langu ni linalofuata.

Shaw anajikokota kwenye korido, kavaa vitambaa vya kufungia vidonda tu, damu imemtapakaa, pini zinaonekana. Anasukuma mlango. Ndani wamo watu wanamwandaa Weyland, wanamwosha miguu. Yumo David. Yumo Ford, daktari wa chombo, ambaye Shaw amempiga muda mfupi uliopita, ambaye anajua fika kulikuwa na nini ndani ya lile tumbo. Na hakuna anayemuuliza. Hakuna anayesema kimetoka? Kiko wapi? Unavuja damu? Nani amekushona? Weyland anaanza kuongea habari za uzima wa milele, na hadithi inaendelea kama mtu kaingia kuchukua chumvi. Nacho kiumbe kimeachwa hai kwenye chumba cha jirani, kinakua, na hakuna anayekwenda kukifungia.

Wodini kwetu mfanya usafi akipita na ndoo yake, akimwona mama amesimama kwa mara ya kwanza, anaegemeza ufagio. "Mama, umeamkaje? Umeshapata choo?" Hamjui mama huyo. Anauliza kwa kuwa mtu amesimama mbele yake na tumbo limekatwa.

Ndiyo maana Alien ya 1979 haivuji. Watu wake ni saba, na wanaangaliana muda wote. Mmoja wao, Kane, anaporudishwa na kidude usoni, mwenzao Ripley anakataa kufungua mlango kwa sababu ya karantini. Wenzake wanamchukia, na Lambert anamchapa kofi kwenye toleo la mwongozaji la 2003. Kane anapozinduka wanamletea chakula, wanamtania, wanataka kujua anajisikiaje. Kifo chake pale mezani kinatisha kwa sababu dakika moja kabla walikuwa wanamjali. Wao ni wafanyakazi wa mizigo wanaogombania bonasi, na bado hakuna nukta inayoachwa gizani bila mtu wa kuitazama.

Nilimweleza mdogo wangu hivyo, na nilikuwa nimepandisha sauti. Akafikiri. Akasema: "Dada, unakosea kitu kimoja. Yupo aliyesema." Akarudisha nyuma mpaka wanapovaa suti za kutoka. David anamwambia Shaw kwamba hakudhani analo ndani yake, kisha anaomba radhi kwa kuchagua maneno vibaya, na anamsifu kwa kung'ang'ania uhai. Roboti. Ndiye pekee. Mdogo wangu akasema huenda ndilo alilokusudia Scott: binadamu wameshakufa roho, wanamtazama tajiri wao tu, na kitu kisicho na roho ndicho kinachoona. Kwa hiyo si tundu, ni hoja.

Ilinitikisa, nakiri. Nililala nayo hoja hiyo kichwani, nikaamka nayo. Ingekuwa rahisi kukubali. Lakini nikimrudia Ford nashindwa. Kama filamu ingetaka kuonyesha kwamba wamekufa roho, ingetupa uso wake: amwone Shaw, atazame pini, ageuke makusudi. Hapo ningeogopa kweli. Haikutupa. Ford hageuzi uso kwa woga wala kwa amri. Amesahauliwa tu na waliomwandika, na baadaye anatembea bega kwa bega na Shaw kwenda kwenye jitu kama wageni waliokutana kituo cha basi. Ni kibao cha mtu kimebaki ubaoni na watu wote wamepanda gari.

Nilimwambia hivyo asubuhi nikimsindikiza Nyegezi kupanda basi. Hakujibu, alikuwa anapambana na begi. Ilipofika saa nne simu ikalia, ujumbe wake: "Ndio navuka Busisi. Ford ni daktari wao. Hiyo nimekubali."

Dakika moja baadaye ukaja mwingine: "Mchongo wa ukutani bado si ushahidi."